Laxton juu ya meza: shajara ya mradi

Septemba, wiki ya kwanza

Ubao umekatwa na kupigwa msasa. Ni plaiwudi nene, urefu sentimita 90 na upana sentimita 80, na juu yake kitakaa kijiji kizima cha Laxton pamoja na mashamba yake: nyumba, kanisa, kilima cha ngome ya kale, zizi la mifugo iliyokamatwa, njia na mitaro. Majina ya mahali yatabaki kama yalivyo, maelezo yote yatakuwa ya Kiswahili. Kielelezo kikikamilika kitawekwa kwenye darasa letu la Jumamosi hapa Nottingham, ambako watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na wa Kikongo hujifunza lugha ya wazazi wao.

Watoto hawa wamezaliwa huku. Wanasikia simu za nyumbani zikizungumzia shamba la babu, kiwanja cha urithi, jirani aliyesogeza mpaka. Ardhi ya nchi wanayokulia wanaiona kupitia dirisha la basi tu: majani na ua wa miti, majani na ua wa miti. Nataka wajue kwamba ardhi hii nayo imegawanwa, imegombaniwa na imepatanishwa na watu wenye majembe.

Vijiji vya Uingereza vinavyopigwa picha sana ni vingine, vyenye nyumba za mawe, mto na madaraja. Laxton kipo kwenye udongo mzito wa mfinyanzi katika kaunti ya Nottinghamshire, kati ya miji midogo ya Ollerton na Tuxford, na mwenye haraka atakipita bila kugeuza shingo. Lakini ndicho kijiji cha mwisho nchini Uingereza ambako mashamba ya wazi ya zama za kati bado yanalimwa chini ya baraza la kijiji lenye mamlaka juu yake. Yapo matatu: South Field, Mill Field na West Field. Ndani yake hakuna ua wala uzio. Kila mkulima ana vipande vyake virefu vilivyotawanyika katika yote matatu, vimepakana na vya wenzake, na mwaka huu shamba moja likipandwa ngano, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Mwakani zamu zinahama.

Nilisomea upimaji ardhi Dar es Salaam na nimeishi kwa kazi hiyo. Mahali ambapo mpaka umelindwa kwa mamia ya miaka bila ukuta, kwangu mimi ni alama kubwa kuliko kanisa lolote la fahari. Ndiyo maana nimechagua Laxton, na ndiyo maana mashamba yatachukua sehemu kubwa ya ubao.

Septemba, mwishoni

Skeli ni 1:5000. Mita mia moja za Laxton ni sentimita mbili za ubao, kwa hiyo tunapata eneo la kilomita nne na nusu kwa nne, linalotosha kijiji, mashamba yote matatu na pembezoni.

Data za mwinuko nimezipata bure kutoka Wakala wa Mazingira wa Uingereza, ambao umepima nchi nzima kwa leza kutoka angani na kuweka matokeo wazi kwa kila mtu. Nilipozifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, na kuweka kivuli cha jua la jioni, malisho yaliyo karibu na kijiji yalionyesha mistari sambamba, mgongo na bonde, mgongo na bonde. Ni matuta ya plau ya zamani, yaliyobaki chini ya nyasi tangu ardhi hiyo ilipoacha kulimwa. Mengi yana mkunjo mdogo mwanzoni na mwishoni, kama S iliyogeuzwa. Sababu yake ni maksai: jozi kadhaa zilizofungwa kwa mstari mmoja haziwezi kugeuka papo kwa papo, hivyo mlimaji alianza kuzikunja kabla hajafika mwisho wa kipande. Wanyama wale wamekufa karne na karne zilizopita na mgeuko wao bado unapimika kwa leza.

Vilima vya Laxton ni vya chini. Nikiviweka kwa kimo halisi ubao utaonekana bapa, mtoto hataelewa kwa nini maji yanakwenda upande huu na si ule. Tumekubaliana na fundi kuongeza kimo mara mbili: kila mita tano za mwinuko ni tabaka moja la kadibodi la milimita 2. Fundi ni mzee wa Tanga, seremala wa miaka mingi, anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Alinitazama nikikata tabaka la kwanza kwa kisu cha ofisini, akaninyang'anya.

“Mwanangu, wewe chora. Kukata niachie.”

“Haya, mzee.”

Sasa mimi nachora kontua, yaani mistari ya mwinuko, yeye anakata, na kazi imeshika kasi.

Oktoba, mwanzoni

Wiki hii yote imekwenda kwenye ramani ya 1635, na sijutii hata saa moja.

Mwaka huo Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua Laxton, alimwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce. Pierce alipima kila kipande, akaandika daftari linaloonyesha nani analima wapi na kwa ukubwa gani, kisha akachora ramani kubwa ya rangi. Leo inatunzwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Vipande vimejipanga kwa makundi, kila kundi na uelekeo wake kufuata mteremko, na katikati yake Pierce amechora watu: mmoja anaongoza plau, wengine wanavuna, wengine wanawinda. Mpimaji aliyeona watu kwenye ardhi akaona wanastahili kuwemo kwenye ramani! Katika ramani zote nilizochora kazini sikuwahi kumwona mteja anayeomba hilo, na nadhani tumepoteza kitu.

Huyu Courten naye si mtu wa kupita kimyakimya. Fedha yake ilisaidia kuanzisha makazi ya Waingereza katika kisiwa cha Barbados mwaka 1627, kisiwa ambacho muda si mrefu kikawa cha miwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka uleule wa 1635 alikuwa kwenye mipango ya kupeleka meli Bahari ya Hindi, kushindana na Kampuni ya India Mashariki, na mfalme Charles wa Kwanza akampa kibali. Alifariki 1636. Kwa hiyo kijiji hiki kinachoonekana kimejificha vichakani kilikuwa mali ya mtu mwenye mkono wake Karibi na mwingine Goa. Nimeandika kadi yake kwa ajili ya ubao na sikulainisha chochote. Watoto wakubwa wa darasa wanaweza kuubeba ukweli huo.

Upande wa vipimo, nimepata njia ya kuwafanya waelewe ekari. Nyumbani ukimuuliza mkulima ekari ni nini atakujibu hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaribia sana. Ekari yenyewe ilifika kwetu na Waingereza, na kwao ilikuwa na umbo lake: ndefu na nyembamba, mita 20 kwa mita 200 na kidogo, kipande ambacho kimila plau ya maksai ilikimaliza kwa siku moja. Mwaka 1620 mwanahisabati Edmund Gunter wa London alibuni mnyororo wa kupimia wenye pingili 100 na urefu wa futi 66, ukiwa umetoshana na upana wa ekari hiyo. Mnyororo mmoja upana, minyororo kumi urefu, umepata ekari. Kwenye ubao wetu inakuwa milimita 4 kwa sentimita 4, saizi ya utepe mwembamba, na fundi amekata tepe kadhaa za karatasi ngumu ili mtoto aweze kuzipanga mwenyewe.

Oktoba, katikati

Nimekwenda kupiga picha za kijiji chenyewe, barabara hadi barabara.

Nyumba ni za matofali mekundu na vigae vya udongo. Nyingi zimekaa ubavu: ncha ya nyumba ndiyo inayotazama barabara, uso wake unatazama uani kwake. Nyuma ya kila nyumba kuna uwanja mrefu mwembamba wa mkulima. Mpangilio huu unatokana na mashamba ya wazi. Mkulima aliyekuwa na vipande vyake pande tatu tofauti hakuwa na sababu ya kujenga katikati ya shamba. Alijenga kijijini pamoja na wenzake, ghala na zizi vikiwa mlangoni, akatoka kila asubuhi kwenda upande wenye kazi. Sehemu nyingi za Uingereza mkulima anaishi peke yake katikati ya ardhi yake. Laxton wakulima wamebaki majirani wa ukuta kwa ukuta.

Nyumba tumezitengeneza kwa njiti za kiberiti, kwa kuwa unene wake wa milimita 2 ni sawa na mita kumi za ardhini. Fundi anazikata, anazichovya rangi nyekundu, anazigundisha kwa kibano.

Baa ya Dovecote ipo katikati ya mambo, na karibu nayo zizi dogo la kijiji. Mnyama aliyekutwa anazurura kwenye mazao ya watu alifungiwa humo na mwenyewe akalipa ndipo akamchukua. Mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu ameshaona kesi ya mbuzi wa jirani, kwa hiyo zizi hili nimelipa ukubwa kuliko skeli inavyoruhusu. Kiini cha kijiji kimo humo: mazao yako hayana uzio, kwa hiyo mnyama wangu ni jukumu langu.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu limeanza karne ya 12 na limeongezwa na kupunguzwa mara nyingi. Mnamo 1860 Earl Manvers, mwenye ardhi wa wakati huo, aligharimia ukarabati uliolifupisha. Ndani wamelazwa kwa sanamu watu wa ukoo wa Everingham waliotawala hapa zama za kati, na mmoja wao, mwanamke wa karne ya 14, amechongwa kwa mti badala ya jiwe. Katika kaunti nzima ya Nottinghamshire hakuna sanamu nyingine ya mti ya namna hiyo iliyosalia. Nimesimama mbele yake muda mrefu. Mti umepasuka na bado mikunjo ya nguo inaonekana.

Oktoba, mwishoni

Ngome. Kaskazini mwa kijiji kuna kilima kilichopandishwa kwa mikono ya watu mwanzoni mwa karne ya 12, wakati wa Robert de Caux, pamoja na nyua mbili zilizozungushiwa handaki. Kutoka hapa uliendeshwa msitu wa kifalme wa Sherwood, na mfalme John alifika. Mawe yameondoka, limebaki umbo la udongo chini ya nyasi, na ni miongoni mwa ngome za aina hii zilizohifadhika vizuri kabisa katika kaunti. Kwenye kadibodi kilima kimetoka safi na sina la kuongeza.

Novemba, mwanzoni

Sasa mashamba yenyewe. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Swali ambalo watoto watauliza, na watu wazima pia: kwa nini mtu awe na vipande vingi mbalimbali badala ya shamba moja? Jibu limo ardhini. Bonde la chini linashika maji, mgongo wa juu unakauka mapema, upande mmoja unapata jua na mwingine unabaki na baridi. Ukimpa mtu mmoja bonde lote, mwaka wa mvua nyingi amekwisha. Kila mmoja akipata kidogo cha kila aina, mwaka mbaya unawagusa wote kidogo na hakuna anayeangamia peke yake. Gharama yake ni kutembea, na kukubali kulima kwa kalenda moja na wengine. Huwezi kupanda ngano wakati jirani wa kulia na wa kushoto wamepumzisha ardhi, kwa sababu zamani baada ya mavuno mifugo ya wote iliingia shambani kula mabua na kuacha samadi.

Utaratibu huu haukuwa wa Laxton peke yake. Zama za kati sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Kisha ukaja uzio. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga ardhi, zikagusa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England. Vipande vilikusanywa, ua ukapandwa, hati zikaandikwa. Mwenye ardhi kubwa alipata shamba lake moja safi. Mtu aliyetegemea kulisha ng'ombe mmoja kwenye ardhi ya pamoja, kuokota kuni na kuokota masazo ya mavuno, mara nyingi aliondoka na kiasi kisichotosha maisha, au bila kitu, na njia ikaelekea mjini. Ule ua wa miti ambao watoto wetu wanauona kupitia dirisha la basi wakidhani umekuwepo tangu dunia iumbwe, maeneo mengi ulipandwa wakati huo, na nyuma yake kuna watu waliotolewa.

Na Laxton? Katika karne ya 19 ardhi ya kijiji ilikuwa imegawanyika kati ya wakuu wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, nao hawakuafikiana juu ya kubadilishana vipande. Kufunga ardhi kulidai mapatano na gharama, mapatano hayakuja, na mashamba yakabaki wazi. Pembezoni palifungwa kidogo kidogo, kwa hiyo yaliyopo leo ni sehemu tu ya yale aliyopima Pierce. Mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa viwe vipana na vichache zaidi, na bila hatua hiyo nadhani trekta lingeua utaratibu wote.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliuza kijiji kwa Wizara ya Kilimo ili kihifadhiwe. Mwaka 1981 kikahamishiwa kwa wasimamizi wa ardhi ya Taji, yaani ya ufalme, na 2020 kikarudi kwa shamba la urithi la Thoresby, warithi wa Manvers. Wamiliki wamepishana mara zote hizo na mzunguko wa ngano haukukatika, kwa sababu waliokuwa wakiuendesha ni wakulima wenyewe na baraza lao.

Ujenzi: kila shamba lina kitambaa chake cha kubandika, kijani kwa ngano, manjano kwa shayiri na jamii ya kunde, kahawia kwa ardhi iliyopumzishwa. Vinabandika na kubanduka ili zamu ziweze kuhamishwa. Mpaka wa kipande na kipande ni uzi mweusi ulionyoshwa. Yale majani yasiyolimwa kwenye miteremko na sehemu za majimaji, ambayo wenyeji wanayaita sykes, nimeyaweka kwa unyoya wa kijani kibichi. Hayajaguswa na plau na yana maua ya porini yaliyokwisha kupotea kwingine, hivyo yanalindwa kisheria. Majani yake hukatwa kiangazi, na haki ya kuyakata huuzwa kwa mnada.

Novemba, mwishoni

Leo ilikuwa siku ya jopo.

Kila mwaka mwishoni mwa Novemba jopo la wakulima wa Laxton linakagua lile shamba lililotoka kupandwa ngano. Kwa kuwa ngano inahama kila mwaka, kila shamba hupata ukaguzi mara moja katika miaka mitatu. Wanakwenda kwa trekta na tela lenye vigingi vya mbao, wanashuka, wanatembea mpaka kwa mpaka. Wanaangalia kama kuna aliyelima kuingia njia ya wote, kama kuna aliyekula nyasi za sykes kwa plau yake, kama mitaro imezibuliwa. Kigingi kilichopotea kinapigwa upya.

Nilisimama kando ya njia na kutazama. Baridi ilikuwa kali, udongo unashika buti mpaka mguu unakuwa mzito. Kazi ile naifahamu na bado ilikuwa mpya kwangu. Katika kazi yangu mpaka ni namba: bikoni imewekwa, namba za mahali pake zimeandikwa, faili limefungwa, na mgogoro ukizuka tunarudi na chombo. Hapa aliyepanga mstari alifunga jicho moja, akaangalia kigingi cha mbele na cha nyuma, akaashiria kwa mkono sogea kidogo, mwenzake akapiga nyundo. Wanaoishi na matokeo ya kigingi kile walikuwa wamesimama palepale, na kesho wote watalima pande zake mbili. Chombo changu kingetoa usahihi wa sentimita. Kingeshindwa kutoa makubaliano yale, na makubaliano ndiyo yaliyoufikisha mpaka ule hadi leo.

Mchana wanakula Dovecote. Nami nilikula hapo, kwenye kona, nikaandika kadi za maelezo nikiwa bado na udongo miguuni.

Niliporudi nyumbani nilibadilisha kitu kimoja kwenye ubao. Vigingi nilikuwa nimevipanga kuwa nukta za rangi. Sasa ni vigingi vya kweli, vijiti vya meno vilivyokatwa, vinavyochomekwa kwenye matundu na kuchomolewa. Fundi alitoboa matundu jioni ileile.

Desemba, mwanzoni

Wiki moja baada ya ukaguzi baraza hukutana Dovecote. Msimamizi anayemwakilisha mwenye ardhi ndiye anayeongoza, tarishi wa baraza anaita watu, jopo linasoma makosa liliyoyaona, faini zinatajwa, kisha jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya shamba la ngano la mwaka unaofuata. Faini ni ndogo. Uzito wake ni kusomewa jina lako mbele ya watu unaokutana nao kila siku. Mwaka 1977 sheria iliyofuta mamlaka ya mabaraza ya aina hii nchini iliacha la Laxton na mamlaka yake, kwa kuwa bado lilikuwa na ardhi ya kusimamia.

Kadi ya baraza ndiyo niliyoiandika kwa uangalifu kuliko zote, na nimeiweka sambamba na kadi nyingine ya nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inakipa kila kijiji baraza la ardhi lenye wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, la kusuluhisha migogoro kwa njia ya mapatano. Sidai kwamba mambo haya mawili ni ndugu. Moja limetoka kwenye ukabaila wa Kiingereza, ambako bwana mkubwa alimiliki na wengine walikuwa wapangaji wake, na jingine limetungwa na Bunge la Dodoma kwa vijiji vya jamhuri. Lakini mtoto ambaye baba yake amekaa mbele ya baraza la ardhi Njombe akigombea nusu ekari ana haki ya kujua kwamba wakulima wa Nottinghamshire nao hukaa mbele ya wenzao kwa jambo hilohilo, na kwamba mpaka mzuri, huku na kule, unahitaji watu wanaoutembelea.

Lebo zimepigwa chapa. Rangi ya mwisho imekauka. Kijito nimekipaka vanishi ing'ae.

Januari

Kielelezo kimefika darasani. Fundi alikuja na koti lake la sherehe, watoto wakampokea kwa shikamoo babu iliyotikisa chumba.

Nilitaka kuanza na maelezo. Hawakunipa nafasi, mikono ilikuwa tayari kwenye vitambaa vya mashamba. Nikawaachia wahamishe zamu: ngano ikatoka South Field, manjano ikaingia, na mdogo mmoja wa miaka saba akauliza hili la kahawia litakula nini likiwa limelala. Ndilo swali bora nililopata mwaka huu. Tukazungumza juu ya samadi, kunde na udongo unaorudisha nguvu, na mama mmoja kutoka Bukavu akaeleza jinsi kwao wanavyoacha shamba lipumzike na namna nafasi ilivyopungua kwa watu kuongezeka. Hakuwa na mpango wa kuzungumza, ila alipoanza wote walinyamaza kumsikiliza.

Kisha jopo. Watoto hawakutosha kumi na wawili, idadi ya kimila ya jopo, kwa hiyo tulichukua saba kama sheria ya kwetu, wasichana wanne, wavulana watatu. Wakubwa walijigawia vipande kwa zile tepe za karatasi. Mvulana mmoja akasogeza kigingi chake tundu moja kwa siri. Jopo lilipita na rula, likagundua, na kiongozi, binti wa darasa la sita, akamtoza faini ya kufuta ubao wiki mbili. Mvulana akakata rufaa kwa hoja kwamba jirani ndiye aliyeanza. Wakapima na kwa jirani. Kweli, naye alikuwa amesogeza. Wote wawili wanafuta ubao.

Yaliyobaki: kasha la kubebea, kwa sababu darasa la Leicester wameomba kukiazima kwa muhula mmoja, kadi ya Moorhouse, kitongoji cha jirani, ambayo bado haijaandikwa, na picha za maua ya sykes, zinazosubiri kiangazi kabla majani hayajakatwa. Wazazi wanataka basi la kwenda Laxton na watoto Novemba, siku ya jopo. Nimeanza kuuliza bei, na fundi amesema anataka kiti cha mbele.